Kwa Nyambura, Juu ya Waya na Dawa ya Kusukutua

Nyambura mama,

Ninaandika haya wewe ukiwa kwa Mama Otis, ng'ambo ya barabara, unasukwa. Mimi mamako nina saluni hapa chini ya ploti, jengo hili tunaloishi. Ninasuka watu wanaotoka Mowlem, wakapita saluni zote za njiani, wakaja mpaka mtaa wetu wa Pipeline kunitafuta mimi kwa jina. Na wewe, kesho unakwenda chuo, umempelekea kichwa Mama Otis, ambaye mistari yake inapinda kama mbuzi anayetafuta maji. Sawa. Nimekuelewa. Dadako Muthoni akikasirika hubamiza mlango. Wewe hubamizi kitu. Wewe unapeleka biashara kwingine.

Najua ni kwa sababu ya asubuhi, pale kliniki ya meno. Daktari alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukubadilishia waya wa vyuma vya meno, bado una pamba shavuni, akauliza swali la kawaida kabisa: "Kesho Nyambura anasafiri Eldoret. Faili yake nimtumie mwenzangu aliye huko aendelee naye, au atakuwa akirudi hapa kila mwezi?"

Ukasema, "Itumwe."

Nikasema, "Atarudi."

Tulisema pamoja, kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja. Daktari akatuangalia, akavua glavu polepole, akasema basi tukaelewane, tumpigie simu leo kabla hajafunga kliniki. Na pale kwenye ngazi ukaniambia, bila kupaza sauti, "Mathe, huu mdomo ni wangu." Halafu ukatembea mbele yangu mpaka nyumbani, na mimi nyuma yako kama mtu aliyetumwa kukufuata.

Daktari hajafunga bado. Ndiyo maana ninaandika kwa haraka, na mwandiko wangu unaujua, uvumilie.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za kufunga sanduku kwa kufuli, wala za wavulana. Hayo umeambiwa na Muthoni, na shangazi yako, na hata bawabu wa ploti amekuambia lake. Mimi nataka kuongea juu ya waya.

Lakini waya wenyewe sikuuelewa mpaka nilipoelewa meno yangu mwenyewe, kwa hiyo nianze na haya yangu.

Unajua nilikulia upande wa Njoro, tukinywa maji ya kisima. Yalikuwa matamu, baridi, hakuna aliyeyashuku. Meno yangu ya utu uzima yalitoka na rangi ya chai, ya mbele mawili yana mabaka kabisa. Wengi wetu tulikuwa hivyo, kwa hiyo nyumbani haikuwa habari. Habari ilianza nilipofika Nairobi kujifunza kazi ya nywele. Msichana mmoja pale nilipojifunzia aliniuliza mbele ya wateja, "Wanjiku, ulikunywa chai ukasahau kusuuza?" Wakacheka. Mimi pia nikacheka, mkono mdomoni. Jioni nikachukua majivu na chumvi nikasugua mpaka mate yakawa mekundu. Nikasugua hivyo kwa miaka. Nilijaribu mkaa uliosagwa, nikajaribu ndimu, nikajaribu magadi. Kila kilichotangazwa kwenye spika ya gari pale steji ya matatu kwamba kinang'arisha meno, nilikinunua. Nilidhani mimi ni mchafu, mama. Mtu mzima mwenye saluni yake, anayewaambia wengine namna ya kupendeza, nilidhani mimi ni mchafu.

Sasa wewe ukazaliwa, na meno yako yakatoka meupe kama maziwa, ila yalipandana. Yalisongamana pale mbele kama watu kwenye ngazi zetu stima ikipotea. Nikasema huyu hatafunika mdomo. Huyu atacheka mpaka wa ghorofa ya juu wasikie. Na siku ile ulipowekewa vyuma, ukumbuke mwenyewe nilivyokupitisha saluni. Nilikusimamisha mbele ya kioo kikubwa nikasema, "Cheka, mama, waone." Wateja wakainua vichwa kwenye draya. Mama Otis alikuwepo, alikuja kuazima chanuo, akasema, "Ai, Mama Nyambu, umemweka mtoto geti la chuma." Nikamwambia ni geti la nyumba ya kifahari, yeye hana. Alicheka, lakini iliingia.

Ulikuwa wa kwanza kuwa na vyuma ploti nzima. Nilisema hivyo kwa kila mtu. Hata aliyekuja kunyolewa nilimwambia.

Kosa langu lilianzia hapo kwenye sifa, kwa sababu kitu nilichokwisha kukisifu mbele ya watu sikuweza kukiacha kikae chenyewe. Niliona chakula kikinasa kwenye vile vibanio vidogo, nikaona rangi ya njano ya mchuzi kwenye vile vimpira, nikaogopa. Nikaona meno yangu yakija kwako kwa njia nyingine. Basi nikakwenda duka la dawa nikanunua dawa ya kusukutua, ile ya kuwasha. Nikaona haitoshi. Nikarudi nikauliza kama kuna yenye nguvu zaidi ya kulinda meno. Kijana wa dukani akanitolea jeli yenye floridi nyingi, akasema, "Mama, hii ni kali, kwa kawaida hupakwa na daktari." Nikamwambia kali ndiyo ninayotaka, mimi kazi yangu ni dawa kali.

Na kweli ndiyo kazi yangu. Mteja nikimwacha na dawa ya nywele kupita muda wake, nywele zinakatika, hilo ninalijua kuliko jina langu. Lakini chuma? Nani amewahi kuniambia chuma huungua kwa dawa ya mdomo? Nilijiambia nywele ni kitu laini, chuma ni chuma, hapa sina haja ya kuangalia saa. Basi nikawa ninakuweka kwenye kile kiti cha plastiki, jeli mdomoni, mpaka wimbo wa redio uishe. Ukiisha wimbo mfupi nilisema tungoje na wa pili. Ukitoka shule, sukutua. Ukinywa chai, sukutua. Ulikuwa ukisimama pale nyuma ya saluni mashavu yamejaa, macho yanatoa machozi, unanionyesha kwa kidole: niteme? Na mimi ninatikisa kichwa, bado.

Waya ukaanza kufifia. Ulipowekwa uling'aa, ukawa kama kijiko cha zamani. Ukaniambia, "Mathe, unakwaruza. Nikipitisha ulimi unakwaruza." Nikakujibu dawa inafanya kazi.

Halafu ukakatika. Unakumbuka ulikuwa unakula ugali na sukuma, chakula laini kuliko vyote, kipande cha nyuma kikakuchoma shavu. Na mimi nikakuvaa kwa maneno mbele ya saluni yote. Nikasema umekula mahindi choma pale steji, nimekukataza, huna shukrani, unataka kuniaibisha. Ulisema mara moja tu kwamba hukula. Nikasema unadanganya. Mteja wangu aliyekuwa kwenye draya akanituliza, "Mwache Mama Nyambu, hayo mahindi ya steji hata mimi hunishinda," na akadhani amekutetea. Wewe ukaenda ukakaa kwenye ngazi na kitambaa mdomoni. Hukula mahindi, mama. Ulisema ukweli na hakuna aliyekuwa upande wako, si mimi, si hata huyo aliyetaka kukusaidia.

Tulipokwenda kwa daktari nilibeba zile dawa zote kwenye mkoba. Nilizibeba ili nisifiwe. Alipouliza, "Mnasukutua na nini?" nilizitoa moja baada ya nyingine nikazipanga mezani, majina yakimtazama, kama ninavyopanga kwenye rafu ya saluni. Nikamwambia asubuhi hivi, mchana hivi, jioni hivi, na jeli mpaka wimbo uishe.

Hakunisifu. Alichukua koleo ndogo, akautoa waya uliokatika, akauweka kwenye karatasi nyeupe karibu na mpya. Ule mpya akaupinda kwa vidole, akauachia, ukarudi kama haujaguswa. Wa kwako akaupinda kidogo tu, ukabaki umepinda.

"Mama," akasema, "waya huu una ngozi nyembamba sana juu yake, usiyoiona kwa macho. Ndiyo inayoulinda usiliwe. Floridi ikizidi, hasa ikiwa kwenye dawa yenye asidi kama jeli hii, inaila ile ngozi. Waya unakuwa na mikwaruzo, unapoteza kurudi kwake, na mwisho unakatika. Na hata usipokatika, jino linatakiwa kuteleza juu ya waya laini. Likikuta mikwaruzo, linakwama."

"Kwa hiyo ni mimi," nikasema.

"Siwezi kuapa ni dawa peke yake. Mdomoni kuna chakula, kuna mate, kuna mambo mengi. Lakini kwa kiasi hiki ulichonieleza..." Hakumalizia. Alikuwa na adabu.

Nikamuuliza basi tuache dawa zote. Akasema hapana, na hapa alikutazama wewe, si mimi. Akasema upige mswaki kwa dawa ya meno ya kawaida, hiyo hiyo yenye floridi, kwa sababu bila hiyo meno yataoza pembeni mwa vyuma, na usuuze kwa maji. Hiyo ndogo ya kila siku ni rafiki. Jeli kali ibaki kwake, yeye atajua lini. Na zile za kung'arisha tuziache mpaka vyuma vitoke.

Halafu akaniuliza, bila ubaya, "Mama, wewe ulikulia wapi?"

Nikafunga mdomo. Nikajibu nikiwa nimeufunga nusu, "Njoro."

Akanieleza kwamba haya yangu si uchafu. Akasema ni floridi hiyo hiyo, ilikuwa nyingi mno kwenye maji ya kisima, na ilitia meno yangu rangi yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, kabla mimi sijajua hata mswaki ni nini. Akasema hakuna majivu wala ndimu ambayo ingeiondoa. Wewe ulikuwa umelala kwenye kile kiti, mdomo umeshikwa wazi kwa zile plastiki, huwezi kusema neno. Ukanyoosha mkono ukanishika kidole. Sijui kama unakumbuka. Mimi sijawahi kulitaja kwa sababu ningelia mbele ya wateja.

Dawa zile nilizimwaga. Hilo unalijua, ulinisaidia. Lakini huku kukulinda kwangu sikukumwaga. Nilihama tu kutoka kwenye chupa nikahamia mlangoni. Umepiga mswaki mwaka mzima mlango wa bafu ukiwa wazi na mimi nimesimama na taulo begani kama askari jela. "Nyuma umefika? Onyesha. Hebu fungua." Siku moja ulifunga kwa komeo, nikagonga mpaka jirani akazima televisheni ili asikie vizuri. Ulipotoka ulinifungulia mdomo bila kuombwa, ukaukaza wazi, ukasimama hivyo mpaka mimi nikaona haya nikageuka. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja. Ulikuwa uende wapi? Dirisha letu tukilifungua linagonga la jirani, taa inawaka mchana, kamba za nguo zimeziba hata kale kapande ka mbingu kaliko juu. Na ndani ya hicho chumba, hata mdomo wako nao niliukalia.

Hizi siku nimejiuliza kwa nini ninataka urudi kila mwezi. Daktari angeniuliza, ningesema ni kwa sababu yeye anakujua tangu mwanzo. Ni kweli, lakini siyo yote. Siku ya kliniki ndiyo siku pekee ninayofunga saluni. Jumapili ninafungua baada ya kanisa, sikukuu ndiyo ninafungua zaidi. Siku ya kliniki tu ndiyo ninaweka kufuli. Tunakaa kwenye lile benchi, unaniegemea, ukitoka meno yanauma, hutaki kuongea na mtu, tunakuja nyumbani ninakupondea viazi na kuvilainisha kwa maziwa, unakula kama ulivyokuwa mdogo. Siku hiyo hunibishii. Basi nilitaka nibakiwe na hiyo. Nilihesabu kwamba vyuma vikikaa, utakuwa ukija. Na mama, nikuambie lililonitia hofu leo: daktari aliposema meno yamechelewa kwa sababu ya ule waya, kwamba bado kuna safari, kuna sehemu yangu ilifurahi.

Wewe unakwenda kusomea kupima ardhi. Nimewaambia wateja wote, wengine mara mbili. Mtoto aliyelelewa mahali hata kivuli hakina pa kulala, anakwenda kupima mashamba ya watu, kuonyesha yanaanzia wapi na kuishia wapi. Kila nikilisema ninajisikia mrefu. Kisha ninapanda ngazi ninakuta begi lako limekaa kati ya kitanda na meko, hakuna pa kupita ila kwa kuliruka, na ninaliruka, na ninakaa kitandani siwezi kufanya kitu.

Jina lako ni la mamangu. Msichana wa kwanza akachukua la upande wa babako, wewe wa pili ukachukua la upande wangu, kama tunavyofanya kwetu. Ndiyo maana sijawahi kukuita mtoto, ninakuita mama, na hata nikikugombeza ninakugombeza kama mtu anayeomba radhi. Huyo mamangu, siku niliyotoka Njoro, alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na maneno mengi. Alinirekebisha kitambaa cha kichwa, akaniangalia mdomoni, akasema, "Huko mjini ukicheka, ufunike." Alikuwa ananipenda. Alikuwa anajua watakavyonifanya. Meno yake yalikuwa kama yangu, naye amefunika maisha yake yote, na hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipa. Nenda kwenye zile picha za ukutani uangalie. Harusi ya Muthoni, mkono wangu uko mdomoni. Ubatizo wako, mkono uko mdomoni. Mkono mmoja wa mamako haujafanya kazi nyingine kwenye picha.

Nimekaa hapa nikafikiria wewe ukiwa na wasichana wenzako kule Eldoret, mnacheka, halafu unakumbuka kwamba mwisho wa mwezi kuna mtu Pipeline atakuambia fungua, geuka kwenye mwanga, nyuma umefika. Nikaona utafunga mdomo. Meno mazuri, meupe, yaliyonyooka, na umefunga mdomo.

Kwa hiyo nimempigia daktari. Ni sasa hivi tu, kalamu ilikuwa imelala hapa kwenye karatasi. Nilisema, "Ni mamake Nyambura. Tuma faili Eldoret."

Akauliza, "Mmeelewana?"

Nikasema, "Yeye alishaelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma."

Akacheka kidogo. Akasema mwenzake wa huko ni mtu mpole, atakupigia wewe mwenyewe kwa simu yako. Nilitaka kumwambia ampigie pia mamake, nimjue, nimweleze habari ya jeli isirudiwe. Neno lilifika hapa kooni. Nikalimeza, na lina ukubwa, bado ninalihisi ninapoandika. Ukitaka kumweleza habari ya ule waya uliokatika mweleze, ukitaka kuacha acha. Unaijua kuliko mimi, ilikuwa mdomoni mwako.

Sitakuuliza kwenye simu. Nitajaribu. Ukisikia nimenyamaza ghafla katikati ya maongezi, ujue ndiyo hilo ninalimeza, uniendelezee tu hadithi nyingine.

Sijui siku ile ya kliniki ikifika kila mwezi nitafanya nini. Nadhani nitafungua saluni kama siku nyingine. Watakuja wale wa Mowlem, watakaa, wataangalia huku na huku, na lazima mmoja ataniuliza kama leo si siku ya kliniki ya Nyambura, mbona niko kazini. Nitaendelea kugawa nywele kwa chanuo kama sijasikia vizuri, nimwache aulize tena ili wote wasikie. Kisha nitamwambia binti yangu yuko Eldoret, na huko ana daktari wake mwenyewe.

Mamako,
Wanjiku